Kushuka pwani kwa miezi mitatu: begi dogo la mtu wa Mbeya na maandalizi ya mwili wake

Basi likimaliza kona za Kitonga na kuingia Ruaha Mbuyuni, abiria waliopandia Mbeya, Makambako na Mafinga huanza kuvua. Koti linapandishwa kwenye keria, sweta linafuata, mtoto anafunguliwa shali. Dirisha likifunguliwa, upepo unaoingia ni wa moto, na wauza vitunguu wanaokimbilia basi wamevaa fulana tu. Ni hapo nilipogundua, mara yangu ya kwanza kwenda Mtwara kwa msimu wa korosho, kwamba begi langu zima nilikuwa nimelifunga kwa ajili ya baridi niliyoiacha nyuma. Nilikuwa na sweta mbili, jinzi tatu, blanketi zito na viatu vya ngozi. Chandarua sikuwa nacho. Wiki ya tatu nilikuwa nimelazwa kituo cha afya kwa malaria, nikitetemeka chini ya lile blanketi.

Tangu hapo nimeshuka pwani mara nyingi, na kila mara begi langu limepungua. Sisi tunaotoka nyanda za juu tunabeba nguo nyingi na kinga kidogo. Nitakuonyesha jinsi ya kuigeuza hesabu hiyo, hatua kwa hatua, kwa anayekwenda kukaa Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Lindi au Mtwara kwa miezi miwili, mitatu au zaidi.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi, kama una hiari

Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Unakokwenda ni usawa wa bahari wenyewe. Joto la mchana la nyuzi 30 au zaidi linavumilika. Linalomshinda mtu wa Mbeya ni usiku usiopoa, pamoja na unyevu unaofanya jasho lisikauke. Desemba hadi Machi ndiyo miezi mikali zaidi. Kati ya Machi na Mei ni masika, nguo hazikauki na mbu wanaongezeka. Juni hadi Agosti, wakati huku Uyole na Makete watu wanaota moto, kule ni wakati mzuri kabisa wa mgeni kuanza kuzoea. Kama safari yako ni ya kazi na tarehe umepangiwa, basi ipokee, ila ujue unaingia msimu gani.

Hatua ya pili: wiki sita kabla, nenda hospitali ukiwa mzima

Hapa ndipo ningependa uniamini zaidi kuliko mahali pengine popote. Njombe na Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo sana nchini, na hiyo ni neema inayogeuka hatari siku unaposhuka. Mtu aliyekulia Kibiti au Masasi amepatwa na malaria mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kuupunguza makali ugonjwa huo. Mwili wa mtu wa Makete haujajifunza. Hata aliyezaliwa pwani akahamia Njombe miaka kadhaa, kinga hiyo hupungua. Kwa hiyo usijipime kwa mwenyeji wako anayelala nje ya chandarua na kusema "mimi malaria nimeizoea". Yeye ameizoea kweli. Wewe hujaizoea.

Mweleze daktari unakwenda wapi na kwa muda gani, kisha muulize kuhusu dawa ya kuzuia. Doksisaiklini humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kuondoka hadi wiki 4 baada ya kurudi. Haifai kwa mjamzito wala mtoto mdogo, na huifanya ngozi iungue na jua upesi. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, huanza wiki mbili au zaidi kabla ya safari, na haifai kwa mtu aliyewahi kuugua kifafa au maradhi ya akili. Ipi ikufae, au kama kuna haja ya kumeza kabisa kwa safari ya miezi mingi, ni daktari wa kusema. Usiamuliwe na jirani.

Dawa mseto, ile ya ALu, ni ya kutibu. Wengi wetu tunaibeba begini na kuimeza kila kichwa kikiuma. Acha hilo. Ukihisi homa, kipimo cha haraka cha malaria hutoa majibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Ukikutwa nayo, dozi ni 6 ndani ya siku 3, ya pili ikifuata saa 8 baada ya ya kwanza, na kila dozi umeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili dawa iingie vizuri mwilini. Malizia dozi zote hata kama siku ya pili umeamka na nguvu.

Mjamzito, kama safari inaweza kusubiri hadi ajifungue, naomba isubiri. Kama haiwezi, kliniki wajue mapema, kwa sababu kuna dawa ya SP wanayopewa wajawazito kuwakinga na malaria, na ina utaratibu wake. Watoto chini ya miaka mitano na wenye selimundu nao wanahitaji ushauri wao wa pekee.

Ukiwa hapo hospitali, maliza na mengine. Jino linalosumbua litibiwe. Anayetumia dawa za presha, sukari au ARV aombe za kutosha muda wote wa safari, pamoja na cheti chenye majina ya dawa na vipimo vyake, ili akipungukiwa kituo kingine kijue pa kuanzia. Mwenye kutumia insulini ana jambo la ziada: Mbeya chupa iliyofunguliwa hukaa salama kabatini, pwani joto la chumba huiharibu. Kama unakofikia hakuna friji, nunua huko huko vyungu viwili vya udongo, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Ingiza kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, uloweshe kwa maji kila siku, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Waliozoea vyungu vya Wakisi wa kule Ikombe wanajua jinsi chungu kinavyopoza maji. Kanuni ni ile ile.

Anayevuka mpaka kwenda nchi kama Kongo achanje homa ya manjano angalau siku 10 kabla. Ukishachanja, cheti chake ni cha maisha, kitunze.

Hatua ya tatu: chandarua kiingie begini kabla ya nguo

Weka begi tupu kitandani. Kitu cha kwanza kuingia ni chandarua chenye dawa. Usiseme utakikuta huko. Utakikuta pengine, kikiwa na matundu, au ni cha kitanda cha mtu mmoja na nyie ni wawili.

Chandarua kipya kitoe kwenye mfuko wake na ukitundike kivulini siku moja kabla ya kukitumia. Jua kali huharibu dawa, hivyo hata ukikifua baadaye, fua taratibu kwa sabuni ya kawaida na ukianike kivulini. Cha mviringo hutaka msumari mmoja tu juu, kwa hiyo kwa msafiri ni rahisi. Cha pembe nne kina nafasi zaidi na mkono haugusi wavu usiku, lakini kinataka kamba nne. Mimi hubeba cha pembe nne, mita sita za kamba nyembamba, misumari minne, na sindano yenye uzi mweupe. Vyote pamoja havizidi uzito wa jinzi moja iliyolowa.

Sindano ni ya matundu. Tundu la ukubwa wa kidole gumba linatosha mbu kuingia, na mbu wa malaria huuma usiku, tangu jioni hadi alfajiri, saa ambazo wewe umelala. Shona palepale unapoliona.

Kwa wale wa Umalila na Mufindi wanaolima pareto, hili liwafariji: kemikali inayoua mbu imo kwenye ua mnalochuma, na dawa nyingi zinazowekwa kwenye vyandarua zilitengenezwa kwa kuiga kemikali hiyo.

Ongeza mafuta ya kujipaka ya kufukuza mbu. Hayo ni ya jioni mnapokaa barazani, na pia ya mchana, kwa sababu Dar es Salaam imeshapata milipuko ya homa ya dengi, ukiwemo wa 2014 na wa 2019, na mbu wa dengi huuma mchana. Huyu huzaliana kwenye maji yaliyotulia: ndoo, tairi, sahani ya chini ya chungu cha maua. Ukifika unapokaa, zunguka ua, mwaga yote hayo. Na ukipata homa usiyoijua, meza paracetamol tu mpaka upimwe; aspirini na ibuprofeni zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu ikiwa ni dengi.

Hatua ya nne: nguo, na sababu ya kuacha jinzi nyumbani

Jinzi ikilowa jasho Mtwara haikauki kwa siku moja wakati wa masika. Inavunda, na harufu yake haitoki. Harara nayo, vile vipele vya joto vinavyowasha mgongoni na kiunoni, inapenda nguo nzito na ya kubana. Chukua kitambaa cha pamba, chepesi, kinachopwaya, cha rangi iliyofifia. Nenda Mwanjelwa kwenye mitumba, pita majaketi yote yanayoning'inia mbele, omba mashati membamba ya mikono mirefu. Mikono mirefu inakukinga jua mchana na mbu jioni.

Kwa mwanamume, mashati na fulana vitatu jumla, suruali mbili nyembamba, bukta moja, nguo za ndani tano, kikoi kimoja. Kwa mwanamke, magauni au blauzi tatu, sketi au suruali nyembamba mbili, nguo za ndani tano, na kanga doti moja. Dera usibebe. Utanunua kule, na litakuwa linafaa kule. Kwa anayekwenda Unguja au Pemba, mabega na magoti yafunikwe mtaani. Hayo ni maeneo ya Waislamu wengi na heshima hiyo haina uzito begini.

Kanga nitaitetea daima. Ni shuka usiku wa joto, ni taulo, ni pazia la dirisha lisilo na pazia, ni mbeleko, ni kitambaa cha kichwani ukiingia nyumba yenye msiba. Kitambaa kimoja kinafanya kazi ya vitano. Taulo zito la manyoya libaki Mbeya.

Sweta ni moja tu, na hilo ni la njiani. Asubuhi ya kupanda basi Mbeya ni baridi, na siku ya kurudi, ukipanda Kitonga jioni, utalitafuta. Viatu ni raba miguuni na ndala begini. Miguu ikikaa ndani ya viatu vilivyofungwa siku nzima kwenye unyevu huo, fangasi hawachelewi. Kausha katikati ya vidole kila ukioga.

Nguo hizi chache zinategemea jambo moja: unafua kila jioni. Kipande cha sabuni ya mche kinakutosha wiki. Shati ulilofua saa moja usiku, kiangazi, asubuhi umelivaa.

Mwenye ualbino abebe losheni ya jua ya kutosha safari nzima, SPF 30 au zaidi, kofia ya pama na mikono mirefu. Asitegemee kuipata maduka ya vijijini.

Vikijazwa vyote kwenye begi la mgongoni la lita 40, pamoja na mfuko wa dawa, uzito uwe kilo 7 au 8. Lipeleke duka la nafaka la jirani, umwombe akupimie kwenye mizani yake. Mimi hufanya hivyo kila safari, na mwenye duka ameshanizoea. Ikizidi kilo 8, rudi nyumbani, toa.

Hatua ya tano: zawadi

Unaweza kufunga begi la kilo 7 kwa ustadi wote, kisha ukapanda basi na shangazi kaja mbili zimejaa viazi, mchele wa Kyela na maparachichi ya Rungwe. Nani atamwendea shangazi Temeke mikono mitupu? Siwezi kukushauri hivyo, na wala nisingependa mtu aanze desturi hiyo.

Ila kuna namna. Gunia litume kama kifurushi kwa basi siku tatu nne baada ya kufika. Mtu wako huku alipeleke stendi, akupigie simu akutajie basi na namba ya risiti, nawe ulipokee kule ukiwa umepumzika na unajua mitaa. Mkononi ondoka na kilicho chepesi chenye jina la kwetu: majani ya chai ya Mufindi au Rungwe, robo kilo kwa kila nyumba, au kahawa ya Mbozi iliyosagwa. Waeleze mapema kwa simu kuwa mzigo unafuata. Nimeona jambo hili linapokewa vizuri likisemwa mapema, na linaleta manung'uniko likisemwa mlangoni.

Hatua ya sita: karatasi, simu, fedha

Kitambulisho cha taifa, kadi ya bima kama unayo, cheti cha dawa. Piga picha vyote, mtumie mtu mmoja wa nyumbani. Kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya begi. Boti ya Unguja hukati tiketi bila hicho. Fedha taslimu kidogo ya njiani, nyingine ibaki kwenye simu au benki. Kiswaswadu chenye laini ya pili hakina gramu mia mbili, na chaji yake inakaa siku kadhaa.

Hatua ya saba: jaribu begi Kyela

Sisi wa Mbeya tuna bahati ambayo wengine hawana. Kabla ya kushuka bahari, tunaweza kushuka ziwani. Wiki mbili kabla ya safari kubwa, vaa begi lako lililokwisha fungwa, panda gari la Kyela kupitia Tukuyu, ulale usiku miwili mitatu Kyela mjini au Matema. Ziwa Nyasa halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, joto lipo, mbu wapo, unyevu upo. Tundika chandarua chako kwenye chumba usichokijua. Fua shati jioni uone kama limekauka. Tembea na begi mgongoni saa sita mchana.

Jaribio hilo litakuambia mengi kuliko mimi. Mara yangu ya kwanza kulifanya niligundua kamba zangu ni fupi mno kwa chumba chenye dari ya juu, na kwamba kulikuwa na vitu vinne begini ambavyo sikuvigusa. Nilivitoa. Kama umeanza dawa ya kuzuia malaria, fuata maelekezo ya daktari kuhusu siku hizo pia, maana Kyela malaria ipo.

Hatua ya nane: njiani, na wiki mbili za kwanza

Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, siku nzima barabarani. Anayependa kunyoosha miguu na hana haraka aulizie ratiba ya treni ya TAZARA kabla ya kukata shauri. Chupa ya maji ya lita moja iwe mkononi, na paketi nne za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, ndani ya begi. Paketi moja huchanganywa na lita moja ya maji safi. Zikiisha, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa vinafanya kazi hiyo. Vijiko viwe vya kufuta, visiwe vya mlima, kwa sababu chumvi ikizidi inadhuru.

Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Siku hizo usione haya kupumzika mchana. Kazi nzito ifanye alfajiri na jioni, kama wafanyavyo wenyeji. Kunywa maji kabla kiu haijakushika. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, hujanywa ya kutosha. Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu na misuli inakakamaa, nenda kivulini, vua, jimwagie maji, kunywa ORS. Mtu akichanganyikiwa maneno au akizimia kwa joto, mmwagie maji na umkimbize hospitali mara moja.

Maji ya kunywa chemsha, hata kama wenyeji wanakunywa ya bomba. Tumbo lako limetoka kwenye chemchemi za milimani.

Hatua ya tisa: umerudi, na wiki mbili baadaye una homa

Malaria huweza kukaa kimya mwilini wiki moja hadi mwezi, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuonyesha dalili. Mbu alikuuma Lindi usiku wa mwisho, homa inakupata Makete penye ukungu. Unaumwa kichwa na viungo, unatetemeka. Nyumbani wanasema ni baridi, umezoea joto la pwani, jifunike, kunywa tangawizi. Hata kituoni, mhudumu ambaye wiki nzima ameona mafua na nimonia anaweza kuanza na hayo.

Kwa hiyo ukiketi mbele yake, kabla hajauliza lolote, mwambie: "Nimetoka pwani tarehe fulani, naomba nipimwe malaria." Waambie na wa nyumbani kwako, ili kama wewe huwezi kusema, wao waseme. Homa hiyo isilale nawe usiku wa pili bila kupimwa. Kama ulikuwa unameza doksisaiklini au meflokwini, wiki 4 za baada ya kurudi bado ni za kumeza, ingawa Mbeya husikii mbu hata mmoja.

Chandarua kifue, kikauke kivulini, shona matundu, kikunje pamoja na kamba zake na misumari, kisha kirudishe ndani ya begi lile lile.